Tarehe iliyo kwenye pakiti ya maziwa haitoshi kutuamulia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo linaloonekana dogo lakini linalozua mabishano katika majiko mengi ya hapa Moshi, nalo ni maziwa ya pakiti ambayo tarehe yake ya mwisho imepita: je, yamwagwe au yatumike? Nilifundisha sayansikimu katika shule za sekondari mpaka nilipostaafu. Swali hili niliulizwa na wanafunzi, nikaulizwa na wazazi wao, na sasa naulizwa na majirani, hasa mwisho wa mwezi, wakati fedha imepungua na pakiti ya maziwa si kitu ambacho mtu anakimwaga kwa moyo mweupe.

Majibu ninayoyasikia ni mawili, na yote mawili yananisumbua. Wapo wanaosema kwamba tarehe ikipita hata kwa siku moja maziwa yamegeuka sumu, kwa hiyo yamwagwe, hata kama yamekaa kwenye jokofu zuri bila kufunguliwa. Wapo pia wanaosema kwamba tarehe ni ujanja wa wenye viwanda ili tununue zaidi, kwamba bibi zetu hawakuandika tarehe kwenye vibuyu vyao na waliishi wakaona vitukuu, kwa hiyo nusa, onja, chemsha, kunywa. Ninavyoelewa mimi, tarehe iliyopigwa kwenye pakiti ni ahadi yenye masharti, na sisi tumezoea kuisoma ahadi na kuyaruka masharti. Katika miji yetu masharti hayo huvunjwa mara nyingi kabla pakiti haijafika nyumbani, ndiyo maana pakiti iliyobakiza siku tatu inaweza kuwa imeharibika huku nyingine iliyopitisha siku mbili ikiwa bado nzima.

Tuanze na tarehe yenyewe. Codex, chombo kinachoandaa viwango vya kimataifa vya chakula chini ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, FAO na WHO, kilirekebisha mwaka 2018 kiwango chake cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, na humo tarehe za aina mbili zimetenganishwa waziwazi. Ipo tarehe ya ubora, ambayo maana yake ni kwamba mpaka siku hiyo mtengenezaji anasimamia ladha, rangi na uzito wa bidhaa yake, na baada ya hapo bidhaa inaweza kupungua uzuri bila kuwa ya hatari. Ipo pia tarehe ya usalama, ambayo ikipita bidhaa haipaswi kuuzwa wala kuliwa. Unga wa maziwa na maziwa ya boksi yanayokaa miezi mingi huangukia kwa kawaida upande wa kwanza, wakati maziwa yanayotakiwa kukaa kwenye baridi tangu kiwandani yanastahili kuangaliwa kwa jicho la upande wa pili. Mnunuzi wetu hata hivyo hukutana zaidi na herufi tatu tu, EXP, zilizopigwa kwa wino ambao ukigusana na unyevu wa jokofu hufifia, na hapo hawezi kujua kama anaambiwa habari ya ladha au habari ya tumbo lake.

Kiwanda hakibahatishi tarehe hiyo. Sampuli za maziwa huwekwa katika baridi iliyopangwa, bakteria huhesabiwa kadiri siku zinavyokwenda, kisha zinapunguzwa siku kadhaa kwa ajili ya tahadhari. Hesabu yote inasimama juu ya mambo mawili: pakiti iwe haijafunguliwa, na iwe imekaa muda wote katika baridi iliyotajwa, ambayo kwa maziwa ya pakiti laini ni nyuzi 4 au zaidi kidogo. Maneno hayo huandikwa kwa herufi ndogo kuliko jina la kiwanda na kuliko picha ya ng'ombe. Baridi ikipotea, tarehe haina kazi tena, kwa sababu siku zilihesabiwa kwa maziwa yaliyotunzwa namna nyingine.

Sasa tuifuate pakiti hiyo mpaka dukani. Inashushwa asubuhi, inasubiri kwenye kreti mlangoni mpaka mwenye duka amalize kuhudumia foleni ya mkate na vocha, kisha inaingia kwenye jokofu ambalo lina pia soda, maji na juisi, na ambalo mlango wake hufunguliwa na kila mtoto anayetumwa. Usiku unapoingia, baadhi ya wenye maduka huzima jokofu ili kuokoa uniti za LUKU, wakiamini kwamba vitu vilivyomo vitabaki na ubaridi mpaka asubuhi. Simlaumu Mangi wa mtaani kwangu wala wa mtaa mwingine, kwa maana umeme ni gharama na faida ya pakiti moja ya maziwa ni ndogo mno. Lakini jokofu lililozimwa kwa muda wa saa nane au tisa si jokofu, ni kabati. Jokofu lisilofunguliwa hutunza ubaridi wake kwa takriban saa nne tu umeme ukikatika. Baada ya hapo vijidudu vilivyokuwa vimezubaa huamka na kuzaliana, na asubuhi umeme ukirudishwa, pakiti inakuwa baridi tena mkononi mwa mnunuzi, tarehe yake ikiwa ileile.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai mtu wa Sakina au wa Ngaramtoni anaweza kusahau maziwa mezani kwa muda wa saa mbili asione tofauti kubwa. Moshi mjini tuko chini ya mita 1,000, na mwezi Februari joto la mchana hupita nyuzi 30 bila taabu. Pakiti mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, zikiwa na tarehe moja, moja ikapandishwa gari kwenda Njiro kule Arusha na nyingine ikashushwa Pasua hapa Moshi, haziwezi kuwa na hatima moja kama zote zimepitia mikono isiyojali baridi.

Jambo la pili ambalo wengi hulipuuza ni kwamba tunaita vitu vingi kwa jina moja la maziwa, ilhali kila kimoja kina njia yake ya kuharibika. Maziwa ya pakiti laini yamepashwa moto kiwandani kwa njia iliyopewa jina la mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur, ama nyuzi 63 kwa dakika 30, ama, kama vifanyavyo viwanda vikubwa, nyuzi 72 kwa sekunde 15. Joto hilo linaua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, vya brusela na vingine vingi viletavyo maradhi, lakini haliyaachi maziwa bila kijidudu hata kimoja. Baadhi ya bakteria wa jamii ya Bacillus hujifungia ndani ya ganda gumu na kuupita moto huo salama, na wengine huingia baadaye, wakati wa kufungasha. Hao wote wanaweza kuamka mazingira yakiwaruhusu, na wapo wanaopenda baridi, kama Pseudomonas, wanaoendelea kuongezeka polepole hata ndani ya jokofu linalofanya kazi vizuri. Hawa ndio hasa wanaoyafanya maziwa ya pakiti laini yasikae zaidi ya wiki moja au mbili, hata yakitunzwa kama inavyotakiwa.

Maziwa ya boksi, yale yanayopangwa kwenye rafu bila jokofu, yamepashwa moto wa nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache na kufungwa katika boksi lililosafishwa ili kijidudu kisiingie. Boksi likiwa zima, halijavimba, halijatoboka wala kuloa kwenye pembe, kupita kwa tarehe kwa wiki moja kwa kawaida huathiri ladha: maziwa huanza kuwa na uchungu kidogo, au huwa mazito kama uji mwepesi, kwa sababu vimeng'enya vilivyosalia huendelea kuvunja protini taratibu. Lakini likishafunguliwa, upendeleo huo umekwisha. Tangu dakika hiyo ni maziwa kama maziwa mengine, yanatakiwa jokofu na yanatakiwa kumalizwa katika siku chache, hata kama tarehe ya kwenye boksi imebakiza miezi mitano. Nimeona boksi lililofunguliwa likirudishwa juu ya kabati kwa sababu tu ndiko lilikotoka, na mwenye nyumba akinionyesha tarehe kwa kujiamini kabisa.

Unga wa maziwa ni mkavu, na bakteria hawazaliani pasipo maji. Kinachoharibika ni mafuta yake, ambayo hutoa harufu kama ya mafuta ya kupikia yaliyokaa sana. Kwa chai ya mtu mzima hilo ni suala la ladha. Kwa maziwa ya kopo ya watoto wachanga ni suala jingine kabisa, kwa sababu vitamini hupungua kadiri muda unavyokwenda na mtoto yule hana chakula kingine cha kufidia, kwa hiyo kopo la mtoto lililopita tarehe lisitumike, wala kusiwe na mjadala.

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo na hoja ya bibi zetu, maana ndiyo hoja inayopendwa zaidi na yenye ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba wazee wetu hawakumwaga maziwa yaliyochacha. Mmasai hufukiza kibuyu chake kwa kijinga cha mzeituni pori, humimina humo maziwa na kuyaacha yagande, na maziwa hayo hunywewa siku nyingi baadaye. Wameru na Waarusha wana chakula chao cha loshoro, ambacho hakikamiliki bila maziwa ya mgando. Kazi yote hiyo hufanywa na bakteria wa asidi ya laktiki, ambao hula sukari ya maziwa na kuifanya kuwa asidi. Maziwa mabichi yana pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu unapopanda) ya 6.6 hivi, na uchachu ukiishusha mpaka 4.6 au chini ya hapo, maziwa huganda na vijidudu vingi vya maradhi hushindwa kustawi. Bibi hakuwa na tarehe, lakini alikuwa na jeshi la bakteria wazuri ndani ya kibuyu kilichotumika miaka, nalo lilifika kwanza kabla ya wale wabaya.

Maziwa ya pakiti hayana jeshi hilo. Moto wa kiwandani umewaua bakteria wa asidi pamoja na wale wa maradhi, na wanaobaki au wanaoingia baadaye ni wale wanaovunja protini na mafuta. Ndiyo maana maziwa ya pakiti yakizidi muda mara nyingi hayawi mtindi mtamu. Huwa machungu, hutoa harufu inayokaribia ya kuoza, na wakati mwingine huvutika kama ute. Anayeyaacha makusudi juu ya meza kwa siku mbili akisema yatageuka mgando anasubiri kitu ambacho hakimo. Akitaka mtindi wa maziwa ya pakiti, ayatumie yakiwa bado mazuri, ayachemshe, ayapoze mpaka yawe vuguvugu, kisha atie vijiko viwili vitatu vya mtindi mzuri kama mbegu. Kwa njia hiyo bakteria wanaofanya kazi anawajua.

Mtindi uliotengenezwa kiwandani ndio ninaouvumilia zaidi tarehe inapopita, kwa sababu uchachu wake unaulinda. Ukiwa umekaa kwenye baridi, haujafunguliwa, hauna ukungu wala gesi iliyotunisha chombo, siku chache za ziada humfanya mlaji akunje uso kwa ukali wake na si zaidi ya hapo. Ukungu ukionekana juu, hata doa dogo, usichote pembeni ukala kilichobaki. Chakula chepesi kama mtindi huruhusu mizizi ya ukungu kusambaa mahali ambapo jicho halioni.

Hoja ya pili ya watu wa nusa-onja-chemsha ni huko kuchemsha. Katika nyumba nyingi za Kilimanjaro hakuna maziwa yanayonywewa bila kuchemshwa, na desturi hiyo imetuokoa, hasa kwa maziwa mabichi yanayoshuka asubuhi kutoka Machame na Kibosho kwenye bodaboda, ambayo hayana tarehe yoyote na hayajapita kwenye moto wa mtu yeyote. Hayo yachemshwe mara yanapofika, wala asidanganyike mtu kwamba ng'ombe wa kufungiwa bandani hana brusela. Lakini kuchemsha kunaua bakteria walio hai na basi. Baadhi yao, kama Staphylococcus aureus na aina fulani za Bacillus cereus, huacha ndani ya chakula sumu ambayo moto wa jikoni hauiharibu, na sumu hiyo ndiyo inayomtapisha mtu saa chache baada ya kunywa. Kuyachemsha maziwa ambayo yamelala usiku kucha kwenye joto ni sawa na kumkamata mwizi aliyekwisha kuuza mali.

Pua nayo ni shahidi mzuri wa upande mmoja tu. Maziwa yakinuka vibaya yameharibika, hilo halina rufaa. Yasiponuka, tunajua tu kwamba bakteria wanaoleta harufu bado ni wachache, lakini wale wanaoleta maradhi hawalazimiki kuleta harufu. Listeria, ambayo huweza kuongezeka hata ndani ya jokofu, haibadilishi ladha ya maziwa kwa namna ambayo ulimi utaitambua, na kwa mama mjamzito inaweza kuharibu mimba. Hata kipimo cha kuchemsha kidogo, ambacho wapokeaji wa maziwa kwenye vituo vya kukusanyia hukitumia pamoja na kile cha kuchanganya maziwa na spiriti kwa kiasi sawa, kinatuambia juu ya uchachu peke yake: maziwa yakikatika, asidi imepanda, yasipokatika, haijapanda. Bado nakipendekeza nyumbani, vijiko viwili kwenye kisufuria, kwa sababu ni rahisi na hukuzuia kuharibu sufuria nzima ya chai ya wageni.

Wanaonitajia Ulaya wananitajia habari ya kweli, ila wanaikata katikati. Ni kweli kwamba Januari 2022 maduka ya Morrisons ya Uingereza yalitangaza kuondoa tarehe ya usalama kwenye sehemu kubwa ya maziwa yenye nembo yao, yakabakiza tarehe ya ubora na kuwaambia wateja wanuse kwanza kabla ya kumwaga, kwa kuwa maziwa mengi mazuri yalikuwa yanaishia kwenye sinki. Lakini maziwa yale yanatoka kiwandani kwa gari la baridi, yanashushwa kwenye chumba cha baridi, yanakaa kwenye jokofu lisilozimwa, na yanakwenda nyumbani ambako umeme kukatika nusu siku ni tukio la kusimuliwa. Ushauri wa kunusa umejengwa juu ya mnyororo huo wote. Kuuchukua ushauri na kuuacha mnyororo ni kujidanganya.

Nitatoa mfano wa karibu. Katika sherehe moja ya kipaimara mtaani kwetu zilibaki pakiti nyingi za maziwa yaliyonunuliwa kwa ajili ya chai, na tarehe yake ilikuwa imepita kwa siku mbili. Akina mama waligawanyika. Mmoja alitaka yaingie kwenye mtori wa asubuhi kwa ajili ya ndugu waliolala pale, mwingine alisema ni aibu kuwalisha wageni vitu vilivyokwisha muda, na shangazi wa mwenye shughuli, ambaye sauti yake huwa ya mwisho katika mambo ya jiko, alikuwa amekwisha kuamuru sufuria iletwe. Wote walikuwa wanabishana juu ya zile siku mbili. Nilipouliza maziwa yalilala wapi, ikajulikana kwamba jokofu lilijazwa soda na nyama, na kreti ya maziwa ilikaa stoo, sakafuni, tangu juzi yake mchana. Hapo shangazi mwenyewe alifuta amri yake, na maziwa yakamwagwa kwenye migomba. Yangekuwa yamelala kwenye baridi, mimi ningekuwa upande wake, kwa watu wazima na kwa maziwa ya kuchemka vizuri ndani ya mtori siku hiyohiyo.

Basi nyumbani kwangu naamua hivi. Kwanza nauliza ni maziwa ya aina gani, kisha nauliza yalilala wapi, na ndipo natazama tarehe. Maziwa ya pakiti laini ambayo nina hakika hayakutoka kwenye baridi, ambayo hayajafunguliwa, yakipitisha siku moja au mbili nayajaribu kwa pua na kwa kisufuria, na yakifaulu nayapikia siku hiyo hiyo. Zaidi ya hapo sijipi kazi ya kuyatetea. Umeme ukiwa umekatika kwa zaidi ya saa nne, au nikiwa sina hakika na jokofu la mahali nilikonunua, sitazami tarehe kabisa wala siyatumii, hata kama bado haijafika. Na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, mama mjamzito, mzee sana, au mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua kwa ugonjwa au kwa dawa, tarehe ikipita imepita. Kwao bei ya pakiti haiwezi kulinganishwa na bei ya kulazwa.

Hayo ni ya jikoni, ambako mtu anaamua juu ya tumbo lake na la watu wake akiwa anajua historia ya pakiti. Dukani na mgahawani ni habari nyingine, na hapa ndipo ninapoomba wasomaji wasichanganye mambo. Kuuza chakula kilichokwisha muda ni kosa kisheria, hata kikiwa kizuri, kwa sababu mnunuzi hana namna ya kujua kililala wapi. Lakini ipo biashara ya pakiti zinazokaribia tarehe, au zilizoipita, kutembezwa kwa bei ya chini kwenye vibanda vya chai na kwa mama lishe, na wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chai ya tangawizi na iliki ina uwezo mkubwa wa kufunika harufu. Mnywaji wa stendi hawezi kunusa kilicho nyuma ya viungo hivyo. Mama lishe anayenunua pakiti hizo kwa kuwa amebanwa na kodi ya kibanda simhukumu kwa ukali, ila namkumbusha kwamba mteja akiugua, aliyemuuzia yeye pakiti hatakuwapo pale kujibu.

Tangu Julai 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS), malalamiko ya namna hii yanapelekwa TBS, na kwa jambo la mtaani afisa afya wa kata ndiye aliye karibu zaidi. Ninaomba ukaguzi wao usiishie kwenye kugeuza pakiti na kusoma tarehe, kama inavyofanyika mara nyingi mbele ya kamera, kisha bidhaa zikachomwa na picha zikatoka gazetini. Waingie na kipimajoto. Jokofu la duka likisoma nyuzi 12 saa nne asubuhi, hapo pana habari kubwa zaidi kuliko pakiti moja iliyosahauliwa nyuma ya rafu, maana maziwa yote yaliyomo, na tarehe zake nzuri, hayaaminiki tena. Kipimajoto cha jokofu si chombo cha maabara. Mwenye duka anaweza kuwa nacho, na anayekiweka mahali pa kuonekana atapata wateja wanaojua wanachotafuta.

Kwa wenye viwanda vya hapa kaskazini, na kwa Bodi ya Maziwa ambayo kila mwaka inapokaribia Juni mosi, Siku ya Maziwa Duniani, hutuhimiza tunywe maziwa zaidi, ninayo maombi ambayo hayahitaji mtambo mpya. Tarehe ipigwe kwa wino usiofutika kwa unyevu, na mwezi uandikwe kwa jina badala ya tarakimu, ili mtu asibishane na jirani yake kama 05/06 ni Mei au ni Juni. Iandikwe kwa Kiswahili kama tarehe hiyo ni ya ubora au ya usalama. Sharti la baridi liandikwe kando ya tarehe, kwa herufi za ukubwa uleule, badala ya kufichwa kwenye mshono wa pakiti, na chini yake idadi ya siku ambazo maziwa yanafaa baada ya kufunguliwa. Vikundi na vyama vya ushirika vya wafugaji, kama kile cha akina mama wa Nronga kule Machame, vinashughulika na maziwa kila siku na vinaijua kazi ya baridi kuliko sisi wanunuzi. Sina shaka kwamba vikiulizwa vitakuwa na la kuongeza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa sayansikimu,
Rau, Moshi